Kibuyu cha uki na mgeni asiyekunywa

Wazee wetu wana msemo: msafiri kafiri. Hawakukusudia kuwa mtu akitoka mlangoni kwake huiacha na dini yake. Wamekusudia kuwa aliye njiani hula asichokizoea, hulala asipopazoea, na aghalabu hulazimika kukubali mambo ambayo nyumbani angeyakataa. Msemo huu nimeutumia kwa mzaha tangu utotoni. Lakini Ijumaa moja, nilipokuwa nikifunga kibegi changu kwenda Ukambani kwenye karamu ya pombe, mzaha wote ulinitoka.

Naam, msomaji, umesoma sawasawa. Karamu ya pombe. Na mwenye kuandika haya ni mtu aliyekaa mkekani kwa maalimu tangu ana miaka mitano, na ambaye ladha ya tembo haijui ila kwa harufu ipitayo uchochoroni. Usinihukumu kabla hatujafika mwisho wa safari.

Mwaliko ulitoka kwa jirani yangu, Mkamba wa Makueni, fundi wa mitambo ya kuchapa magazeti aliyestaafu. Tumepanga mlango kwa mlango Majengo, Mombasa, kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwanawe wa kiume kalelewa baina ya nyumba mbili, yake na yangu. Futari ya Ramadhani kaila kwangu, na Krismasi watoto wangu wamekula kuku kwake. Kijana huyo sasa kapata mchumba Kitui, na yabidi wazee waende kupeleka mbuzi wa ntheo. Kwa Wakamba, ntheo ndiyo fundo la ndoa. Mahari yaweza kulipwa polepole hata miaka ikapita, lakini pasipokwenda mbuzi hao, hapana ndoa. Hata mahakama za Kenya, zinapoamua kama fulani alikuwa mke wa fulani kwa mila ya Kikamba, huuliza kwanza habari ya ntheo. Na pale wazee wa pande mbili wanapokutana, huwapo uki, pombe ya jadi ya asali au ya miwa, ambayo sehemu nyingine huitwa kaluvu.

"Mutui wakwa," aliniambia, yaani jirani yangu, "safari hii usinikatae."

Maneno mawili ya mwisho ndiyo yaliyonichoma.

DENI LA MWAKA 2014

Mwezi wa Mei 2014, watu kwa makumi walikufa nchini Kenya baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Msiba ulienea Embu, Kiambu, Kitui, Makueni na kwingineko. Wengine walipona roho lakini wakapofuka. Miongoni mwa waliokufa alikuwa mdogo wake jirani yangu.

Jirani alinipigia hodi alfajiri kuniarifu. Nikampa pole. Aliponiomba nifuatane naye mazishini, nikasema nina kazi. Kazi sikuwa nayo. Siku ile barazani watu walikuwa wakisema kuwa mlevi kafa ulevini, na Muislamu hana haja ya kumsindikiza. Mimi nilikuwa nimekaa palepale nikinywa kahawa, nami sikusema neno. Jirani akaenda peke yake. Aliporudi tuliendelea kuamkiana, lakini kwa muda mrefu hakupita tena kwangu jioni kuazima gazeti.

Basi mwaliko huu wa pili ulikuwa ni mlango aliofungua yeye. Nikiukataa, sijui kama utafunguliwa mara ya tatu. Na nikiukubali, nitakaa vipi penye kibuyu kinachozungushwa, hali dini yangu imenikataza hata kuketi kwenye chano panaponyweka kileo?

Nikaenda kumwuliza mwalimu wangu wa zamani, mzee ambaye sasa haoni vizuri lakini anasikia hata ambayo hukuyasema. Alinisikiliza, akaniuliza, "Wewe wendea nini huko? Wendea pombe au wendea jirani?" Nikamjibu naendea jirani. Akasema, "Basi nenda kwa jirani. Penye kibuyu usikae, na mwenye nyumba mwambie mapema kwa ulimi laini, usingoje akutilie ndipo ukunje uso. Kukataa kuna adabu yake kama kulivyo kukubali."

Nikabusu mkono wake nikatoka.

NJIANI

Tulikuwa wanne garini. Jirani yangu alikaa mbele. Nyuma nilikaa mimi pamoja na rafiki yetu Mgiriama, mtu wa Kaloleni, ambaye baba yake alikuwa mgema. Dereva alikuwa mpwa wangu. Bwana harusi na wajomba zake walikuwa wametangulia kwa basi. Tulitoka Mombasa baada ya sala ya Ijumaa, tukapanda Mazeras na Mariakani huku Mgiriama akitufunza ilimu ya mnazi: la asubuhi tamu, la jioni kali, na la jana halina rafiki. Sisi Waswahili, alisema, hatulinywi tembo lakini methali zake tumezichukua zote. Nikamwambia kweli. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wangapi katika waisemayo wamepata kuupanda mnazi?

Mtito Andei, ambapo ndipo nusu ya safari ya Nairobi na ndipo Makueni huanza kwa mwenye kutoka pwani, tulisimama tukaswali kwa kukusanya na kupunguza, kama ilivyo ruhusa ya msafiri. Kisha tukaendelea katika nchi ya mibuyu. Mbuyu wa huku ni mnene, umekaa kama mzee aliyeshiba. Kando ya barabara magunia ya matunda yake yamepangwa yakingoja wanunuzi, na mpwa wangu akashangaa kusikia kuwa mabuyu mekundu anayoyatafuna tangu utoto yaweza kuwa yametoka katika vumbi hili hili.

Makindu palikuwa na giza. Hapo lipo hekalu la Makalasinga, lililojengwa mwaka 1926, zama za wafanyakazi wa reli. Mpita njia yeyote, awe wa dini gani, hukaribishwa chakula na chai bila ya kulipa, na wala haulizwi jina. Ila mlangoni pana masharti: uvue viatu, ufunike kichwa, na usiingie na tumbaku wala pombe. Tukala dengu na chapati. Jirani akacheka, akasema, "Waona? Safari ya kwenda kwenye uki, na kituo cha kwanza ni nyumba isiyotaka pombe."

Hakujua, wala mimi sikujua, kuwa vituo vya namna hiyo vilikuwa bado vingi.

Mbele kidogo ya Emali uko mji uitwao Sultan Hamud, jina la Sayyid Hamoud bin Mohammed, aliyetawala Unguja toka 1896 hata 1902. Sisi hatukufika huko. Tulikata njia Emali tukaelekea Wote, na usiku mkubwa tukalala nyumbani kwa jirani, chini ya kilima cha Nzaui.

CHINI YA NZAUI

Asubuhi nilitoka kutia udhu, nikauona Nzaui, jiwe kubwa lililosimama peke yake. Mahali hapa ndipo wamisheni wa Africa Inland Mission walipoweka kituo chao cha kwanza mwaka 1895, wakiongozwa na Peter Cameron Scott, aliyekufa mwaka uliofuata. Kanisa lililozaliwa na misheni ile limeenea Ukambani kote, na waumini wake hukatazwa pombe. Mama yake jirani yangu, bibi kizee wa miaka zaidi ya themanini, ni mmoja wao. Alinipa kiti, akaniletea uji wa wimbi, akaniambia kwa Kiswahili cha polepole, "Wewe na mimi tutakaa pamoja huko Kitui. Wao wana kibuyu chao, sisi tuna chai yetu."

Baada ya uji, jirani akanichukua nyuma ya nyumba. Palikuwa na kaburi lenye msalaba wa saruji na mwaka 2014. Tulisimama. Nilikuwa nimepanga maneno ya kusema tangu Mombasa, na yote yalinipotea. Mwisho nikasema, "Siku ile sikuwa na kazi."

Akajibu, "Nilijua." Kisha akanionyesha mwembe uliopandwa kando ya kaburi. "Huu aliupanda yeye. Mwaka huu umezaa sana." Makueni ni nchi ya maembe, na kaunti ina kiwanda chake cha kuyasindika huko Kalamba. Akachuma moja akanipa. Nimelila pale pale, na sikumbuki kula embe lililonipita kooni kwa tabu kama lile.

Njiani kurudi nyumbani alinieleza jinsi ndugu yake alivyokufa, nami nataka nikueleze, msomaji, kwa sababu watu hudhani kuwa kileo chote ni kimoja. Pombe ya kawaida ina ethanoli. Methanoli ni ndugu yake wa viwandani, atumikaye kuyeyushia rangi na kazi nyinginezo. Kwa macho na kwa pua huwezi kuwatambua. Lakini methanoli ikiingia mwilini, ini huigeuza kuwa asidi ile ile iliyomo katika sumu ya aina fulani za sisimizi, nayo hushambulia mishipa ya macho kwanza. Mnywaji hulala akidhani amelewa tu. Akiamka huona ukungu, au haoni kitu. Ndugu yake jirani aliamka akiuliza kwa nini taa imezimwa, na jua lilikuwa limeshapanda.

Aliyemuuzia si mzee wa uki. Ilikuwa chupa yenye karatasi ya kupendeza, iliyonunuliwa dukani kwa bei ndogo.

SHERIA NA KIBUYU

Habari ya sheria ni ndefu. Kwa miaka mingi ya ukoloni, bia ya chupa ilikuwa haramu kwa Mwafrika kwa amri ya serikali, si kwa amri ya Mungu. Kiwanda cha kwanza kikubwa cha bia Kenya kilianzishwa mwaka 1922 na ndugu wawili wa Kiingereza, George na Charles Hurst. George aliuawa na ndovu mwaka 1923, ndipo bia yao ikapewa jina la Tusker, kwa ajili ya pembe za ndovu aliyemuua. Baada ya uhuru ikaja sheria ya pombe za kienyeji ya 1971, kisha mwaka 1980 chang'aa ikapigwa marufuku kabisa. Mwaka 2010 sheria mpya ikayafuta yote mawili na kuruhusu pombe za jadi zitengenezwe kwa leseni na kwa vipimo, na tangu 2013 leseni za mauzo ziko mikononi mwa kaunti.

Mimi si wakili wa pombe. Lakini nilipokuwa nikisikiliza nilikumbuka jinsi katazo lilivyotujia sisi Waislamu. Halikuja kwa siku moja. Katika Suratul Baqara watu walielezwa kuwa madhara ya ulevi ni makubwa kuliko manufaa yake. Katika Suratun Nisaa walikatazwa kuikaribia sala wakiwa walevi. Ndipo katika Suratul Maida likashuka katazo kamili, na watu wa Madina wakamwaga mitungi yao njiani kwa mikono yao wenyewe. Nyoyo zilikuwa zimekwisha tayarishwa. Marufuku ya 1980 ilikuja kwa siku moja, na mitungi haikumwagwa. Ilifichwa tu vichakani. Na kitu kikishafichwa, nani ajuaye kilichotiwa ndani yake?

DARAJA LA ATHI

Tulirudi barabara kuu hata Kibwezi, tukashika njia ya Mutomo na Kitui. Zamani njia hii ilikuwa mchanga na mashimo, na safari yake ilitaka moyo. Siku hizi ina lami. Tulipofika daraja la mto Athi nikamwomba mpwa wangu asimame. Mto huu ukipita Tsavo huitwa Galana, na ukifika kwetu huitwa Sabaki, nao ndio uyatiao wekundu maji ya bahari ya Malindi. Ule udongo tunaoulaumu kila masika ni mashamba ya watu wa huku yanayokwenda baharini bila ya nauli. Mgiriama akasema, "Basi sisi sote twanywa mtungi mmoja."

Na hilo si neno la juzi. Misafara ya Wakamba iliteremka na pembe za ndovu hata Mombasa karne ya kumi na tisa, na wengine wakafanya makao Rabai na kandokando yake. Chifu Kivoi wa Kitui ndiye aliyemkaribisha mmisheni Ludwig Krapf, na kutoka huko Krapf akauona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849. Tena siku za njaa kuu ya 1898 na 1899, ambayo Wakamba huiita Ngomanisye, ndizo siku reli ya kutoka kwetu Kilindini ilipokuwa ikipasua nchi yao. Hata uchongaji wa vinyago vya Kikamba, ambavyo watalii hununua Mombasa wakidhani ni vya tangu kuumbwa ulimwengu, chanzo chake husimuliwa kuwa ni Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza kwa mafundi wa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza.

Mutomo tulinunua mbuzi. Hapo, tulipokuwa tukingoja wafungwe kamba, nilizungumza na mama mmoja auzaye mtama. Aliniambia mtama wake ni gadamu, aina ndogo ikomaayo upesi kabla mvua haijakata. Sehemu huuza kwa kula, na sehemu huchukuliwa na watu wa kiwanda cha bia. Tangu 2004 ipo bia ya bei nafuu itengenezwayo kwa nafaka za wakulima wa Kenya, na mtama wa Kitui na Makueni umo. Mwaka 2013 serikali ilipoipandishia bia hiyo kodi, mauzo yalianguka, na magunia yakabaki nyumbani. "Mwaka ule mwanangu alikaa nyumbani muhula mzima," alisema. Hakuwa mnywaji. Alikuwa na rozari shingoni na hajapata kuionja bia maishani mwake. Nikanyamaza. Barazani ni rahisi kusema kuwa riziki hii ifungwe. Pale sokoni, mbele ya mama yule, nilitambua kuwa mwenye kusema hivyo yampasa aje na mnunuzi mwingine wa mtama.

PENYE KIBUYU

Boma la wakwe lilikuwa mwendo mfupi toka barabarani. Jirani alikuwa amekwisha tuma habari, kama nilivyomwomba. Mzee wa nyumba, mtu mrefu aliyevaa kofia ya zamani na kushika kigoda, alitulaki nje. Baada ya maamkizi alinigeukia akasema, "Wewe ndiwe mtu wa Mombasa usiyekunywa."

Nikasema, "Ndimi mzee wangu. Na nisamehe. Si dharau."

Akacheka hata bega likatikisika. "Dharau? Zamani mtu asiye na watoto wakubwa angeomba uki hapa angechapwa. Nusu ya watu wa boma hili walikuwa hawanywi, na hapana aliyewaita wenye dharau."

Kisha akanionyesha jinsi uki utengenezwavyo, kwa kuwa nilimwambia mimi ni mtu wa kalamu. Kwanza hutafutwa tunda la mwegea, lile refu kama soseji lining'iniyalo mtini. Hupasuliwa, huchemshwa, hukaushwa juani. Vipande hivyo hutiwa kwanza katika maji kidogo ya asali au ya miwa penye joto, ili vishike hamira. Vikishashika huanikwa tena, na huweza kutumika mara nyingi. Siku ya siku, asali huchanganywa na maji katika mtungi, vipande hutiwa, na mtungi huwekwa karibu na moto. Siku chache, kazi imekwisha. Asali ya kazi hii hutoka katika mizinga ya magogo itundikwayo mitini, na kila mzinga una alama ya mwenyewe. Kuiba mzinga, alisema, lilikuwa kosa kubwa.

"Na kanuni ya kunywa?" nikamwuliza.

"Mwenye kupika huonja kwanza, mbele ya watu. Kisha mkubwa, kisha anayefuata. Kila mtu yuajua kimepikwa na nani, kwa asali ya mzinga upi. Akiugua mtu leo, kesho tuko kwa aliyepika."

Nikamtazama jirani yangu. Alikuwa akiangalia chini. Sote watatu tulikuwa tukifikiri jambo moja: ile chupa ya dukani haikuwa na mtu wa kuonja kwanza.

Wazee waliingia nyumbani penye kibuyu. Mimi, mpwa wangu, bibi wa Nzaui na watu wa kanisa lake tulikaa nje chini ya mbuyu kwa chai ya maziwa. Mgiriama aliingia ndani, akatoka baada ya muda akatangaza kuwa uki ni mtu mzuri lakini mnazi ni ndugu. Kabla ya kuanza, mzee mmoja alimimina kidogo ardhini kwa kuwakumbuka waliotangulia. Bibi wa Nzaui akageuza uso upande mmoja, nami upande wa pili, macho yetu yakakutana katikati, tukatabasamu.

Ndipo likatokea jambo ambalo sikulitarajia. Mzee wa nyumba alitoka na kisu mkononi, kijana akimfuata na mbuzi dume. Mbuzi wa mila walikuwa na wachinjaji wao. Huyu alikuwa mwingine. "Huyu ni wa chakula cha watu wote," alisema. "Mchinje wewe kwa dua yenu, ili na sisi tule mnachokula na ninyi mle tunachokula. Isiwe mgeni wangu ale mkate mkavu katika arusi ya mtoto wake."

Arusi ya mtoto wake, ndivyo alivyosema. Nikakishika kisu, nikaelekea kibla, nikataja jina la Mwenyezi Mungu. Mkono ulinitetemeka kidogo. Nilikuja nikiogopa kwamba nitalazimishwa kupokea kibuyu. Kumbe mwenyeji wangu naye alikuwa amekesha akifikiri atanilisha nini.

Alasiri ikaingia tatizo. Vijana watatu walifika kwa pikipiki na chupa za plastiki ndogondogo, za pombe isiyo na jina wala muhuri, wakataka kuwagawia wenzao. Ngoma ilikuwa imekwisha anza. Niliona rangi ya jirani ikibadilika. Alikwenda moja kwa moja, akazichukua zile chupa mikononi mwao moja baada ya moja, na mmoja wao alitaka kubisha. Jirani hakupaza sauti. Alisema jina la ndugu yake, na mwaka, na kuwa alikuwa na umri wa miaka thelathini na mbili, na kuwa aliuliza nani kazima taa. Mzee wa nyumba akaja akasimama kando yake, kisha bibi wa Nzaui kwa mkongojo wake, kisha mimi. Hatukuwa na neno la kuongeza. Vijana walitutazama, wanywaji wa uki na wanywaji wa chai tumesimama safu moja, wakawasha pikipiki wakaenda. Chupa zilimwagwa shimoni.

Jioni, tulipoaga, mzee aliniletea chungu kidogo kilichofunikwa jani. "Mzinga ni ule ule," alisema. "Ila hii haijapita mtungini." Ilikuwa asali.

Nikaipokea kwa mikono miwili, nikamwambia muvea muno. Garini nilikumbuka Suratun Nahli, tuliyoihifadhi kwa viboko. Aya ya 67 yaeleza kuwa katika matunda yale yale watu hupata kileo na hupata riziki njema, na aya zinazofuata zaingia katika habari za nyuki. Miaka arubaini na kitu nimeisoma sura hiyo, wala sikupata kujiuliza kwa nini mambo hayo mawili yamekaa jirani.

Tulirudi Mombasa Jumapili. Jumatatu jioni nilisikia hodi. Alikuwa jirani, amekuja kuazima gazeti. Nikampa, na kikombe cha chai nikakitia asali ya Kitui. Na kwa kuwa wasomaji wa ukurasa huu hawanisamehe nisipowaachia ubeti, basi huu:

Nilikwenda Ukambani, wenyeji wakanilaki,
Uki uko kibuyuni, mie uki siutaki,
Walinipa asalini, sehemu yangu ya haki,
Heshima i mtimani, si kinywani mwa rafiki.